Kutoka Leipzig hadi Darasa la Kiswahili: Majaribio ya Kumbukumbu na Lugha Mtandaoni

Mwezi Februari 2008 jarida la Science la Marekani lilichapisha makala fupi ya Jeffrey Karpicke na Henry Roediger kuhusu kujifunza na kukumbuka. Wanafunzi wetu wanaosomea ualimu huikuta makala hiyo katika mihadhara ya saikolojia, kwa kuwa ni miongoni mwa zile zinazotajwa mno panapozungumzwa faida ya kumuuliza mwanafunzi mara kwa mara. Jambo ambalo mihadhara hiyo aghalabu hulipita upesi ni kwamba kitu walichojifunza washiriki kilikuwa Kiswahili. Walipewa maneno 40 ya lugha hii pamoja na tafsiri zake za Kiingereza, neno mashua likiwa mojawapo, wakatakiwa kuyahifadhi.

Washiriki waligawanywa katika makundi manne, na wote waliendelea hadi kila neno likawa limekumbukwa angalau mara moja. Tofauti ilianzia hapo. Baadhi yao waliendelea kuulizwa maneno waliyokwisha kuyapata. Wengine waliendelea kuyasoma tu bila kuulizwa. Na wengine hawakuyaona tena kabisa. Baada ya wiki moja, waliokuwa wakiulizwa walikumbuka kiasi cha asilimia 80. Waliokuwa wakisoma tu walikumbuka asilimia 36, na walioacha yote mawili asilimia 33. Kurudia kusoma, yaani kile ambacho wengi wetu tulikifanya usiku wa kuamkia mtihani, hakukuongeza kitu cha maana. La kushangaza zaidi, walipotakiwa kukadiria watakumbuka kiasi gani, makundi yote yalitaja karibu nusu. Hakuna aliyejua kwamba amejifunza zaidi au pungufu kuliko mwenzake.

Mwalimu wa Kiswahili anayesoma matokeo hayo hufurahi kwanza, kisha hujiuliza: kwa nini Kiswahili? Jibu ni rahisi, nalo halipendezi sana. Kiswahili kilichaguliwa kwa sababu washiriki hawakukijua. Mwaka 1994 Thomas Nelson na John Dunlosky walikuwa wamechapisha orodha ya maneno 100 ya Kiswahili na tafsiri zake za Kiingereza, kila neno likiwa limepimwa ugumu wake kwa wanafunzi wa Kimarekani. Maneno yetu huandikwa kwa herufi za Kilatini, hutamkika bila shida kubwa, tena kijana wa kawaida wa chuo kikuu cha Marekani hajawahi kukutana nayo. Kwa mtafiti wa kumbukumbu hiyo ni mali adimu. Kuanzia hapo orodha hiyo ilizunguka kutoka maabara moja hadi nyingine, na baadaye ikaingia katika majaribio ya mtandaoni. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi majaribio hayo yalivyoanza na kuhamia mtandaoni, na kwa nini sisi walimu wa Kiswahili katika nchi ambazo lugha hii bado ni ya kujifunza tuna sababu ya kuyafuatilia.

Haja ya kitu kisichojulikana ni ya zamani. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha kitabu chake juu ya kumbukumbu mwaka 1885, alitaka kupima kukumbuka kwenyewe bila kusaidiwa na maana. Akatunga silabi zaidi ya 2,000 zisizo na maana yoyote, akazikariri kwa mafungu, na kupima muda aliouhitaji kuzikariri upya baada ya saa, siku na majuma. Mshiriki alikuwa mmoja tu: yeye mwenyewe. Ukiitazama historia hii yote kwa pamoja, unaona kwamba katika maabara za karne ya 20 Kiswahili kilipewa kazi iliyokuwa ya silabi zile.

Upande wa pili wa taaluma hii ni kupima muda. Mnamo 1868 Franciscus Donders wa Utrecht, Uholanzi, alionyesha kwamba kitendo cha akili kinaweza kukadiriwa urefu wake kwa kutoa: chukua muda wa mtu anayetakiwa kuchagua kabla ya kujibu, utoe muda wa yule anayejibu tu bila kuchagua, kinachobaki ni muda wa kuchagua. Wilhelm Wundt alianzisha maabara yake Leipzig mwaka 1879, na huko mwanafunzi wake wa Kimarekani, James McKeen Cattell, aligundua kwamba msomaji hutambua neno fupi zima karibu kwa kasi ileile anayotambua herufi moja. Vyombo vyao vilikuwa vya shaba na chuma, saa zenye uwezo wa kuonyesha sehemu ya elfu ya sekunde, na wapimwaji walikuwa wachache, mara nyingi maprofesa na wanafunzi wao waliopimana kwa zamu.

Jaribio ambalo sisi hulitumia zaidi darasani ni la John Ridley Stroop, lililochapishwa mwaka 1935. Stroop alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huko Nashville, Tennessee. Alichapa majina ya rangi tano kwa wino wa rangi nyingine: neno lenye maana ya nyekundu kwa wino wa kijani, na kadhalika. Wanafunzi 100 walipotakiwa kutaja rangi za vibandiko 100 visivyo na maandishi, walitumia wastani wa sekunde 63.3. Walipotakiwa kutaja rangi ya wino wa maneno 100 yanayopingana na wino wake, walitumia sekunde 110.3. Kusoma kumekuwa mazoea kiasi kwamba mtu hawezi kujizuia kusoma hata anapoagizwa asisome. Jaribio hili lilihitaji kadi na saa ya kusimamisha, basi. Ndiyo maana limefundishwa kila mahali, na ndiyo maana lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kufikiriwa mtandao ulipokuja.

Kompyuta ndogo ziliingia maabara katika miaka ya 1970 na 1980, na kazi ya kuonyesha neno na kurekodi muda wa jibu ikawa ya programu. Lakini mtafiti alibaki na chumba chake, na washiriki wake walibaki walewale: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia waliopewa alama kwa kushiriki. Ukubwa wa tatizo hilo ulionekana wazi mwaka 2008, Jeffrey Arnett alipohesabu washiriki wa tafiti zilizochapishwa katika majarida sita makuu ya Marekani kati ya 2003 na 2007. Asilimia 96 walitoka katika nchi za viwanda za Magharibi, ambazo wakati huo zilikuwa na kiasi cha asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Asilimia 68 walitoka Marekani peke yake. Basi pale kitabu cha kozi kinapoandika kwamba binadamu hukumbuka hivi au husoma vile, mara nyingi kinamzungumzia mwanafunzi wa chuo wa Kimarekani.

Majaribio ya mtandaoni yalianza katikati ya miaka ya 1990, mara tu kurasa za wavuti zilipoanza kuweza kupokea majibu ya msomaji. Ulf-Dietrich Reips alianzisha maabara ya saikolojia ya wavuti katika Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, mwaka 1995, kisha ikahamia Zürich. John Krantz wa Hanover College, Indiana, alianza kukusanya viungo vya tafiti zilizokuwa mtandaoni, na mwaka 1997 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa matokeo ya wavuti na ya maabara. Mwaka 2000 kilitoka kitabu kizima juu ya jambo hili, mhariri akiwa Michael Birnbaum wa California. Swali lililowashughulisha wote lilikuwa moja: je, data ya mtu usiyemwona ni ya kuaminika?

Reips alikuwa na jibu la kiutaratibu ambalo sisi tumelipenda. Katika maabara mshiriki aliyechoka huona haya kuondoka, hukaa akibonyeza ovyo mpaka mwisho. Mtandaoni hufunga ukurasa akaenda zake. Badala ya kulilalamikia jambo hilo, Reips alishauri lipimwe na litumiwe. Weka yale yanayochosha mwanzoni kabisa, maelezo marefu, maswali binafsi, onyo kuhusu muda, ili asiye na nia aondokee kizingitini kabla jaribio halijaanza. Atakayevuka kizingiti yamkini atamaliza. Na iwapo watu wengi zaidi wanakimbia kundi moja kuliko jingine, hilo nalo ni tokeo linalopaswa kuelezwa.

Idadi ya washiriki ilipanda kwa namna ambayo maabara isingeiota. Tovuti ya jaribio la mielekeo fiche la Anthony Greenwald, Mahzarin Banaji na Brian Nosek ilifunguliwa mwaka 1998. Kati ya Oktoba mwaka huo na Aprili 2000 jaribio lilikamilishwa zaidi ya mara 600,000. Kuhusu maana ya alama za jaribio hilo wanasaikolojia wangali wanabishana, nasi hatutaingia humo.

Kwa upande wa ufundishaji, vyuo viwili vya Marekani vilitangulia. Katika Chuo Kikuu cha Mississippi, Kenneth McGraw na wenzake walijenga PsychExps, mkusanyiko wa majaribio ambayo mwalimu wa chuo chochote angeweza kuwapa wanafunzi wake, na data ya wote ikaingia katika hazina moja. Mwaka 2000 walichapisha makala ikionyesha kwamba matokeo yaliyozoeleka ya maabara yalijitokeza ijapokuwa kila mshiriki alitumia kompyuta tofauti mahali tofauti. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Greg Francis na Ian Neath walitengeneza CogLab, ambamo mwanafunzi hufanya jaribio yeye mwenyewe, huona matokeo yake, kisha hulinganisha na ya darasa zima. Mwanafunzi aliyehisi ulimi wake ukigoma kutaja rangi haambiwi tena nini maana ya athari ya Stroop. Na Edinburgh, Frank Keller na wenzake walibuni WebExp kwa ajili ya wanaisimu hasa, wanaotaka kujua wazungumzaji wanaikubali sentensi gani na kwa kiasi gani, badala ya mwanaisimu kujiuliza na kujijibu akiwa mezani pake.

Tahadhari moja ya historia inafaa hapa. Mengi ya majaribio ya kizazi hicho hayafunguki tena. Yalitegemea Java ndani ya kivinjari, au Shockwave, au Flash. Vivinjari viliacha kupokea Java ya namna hiyo katikati ya miaka ya 2010, Shockwave ikakomeshwa 2019 na Flash mwishoni mwa 2020. Kadi za Stroop za mwaka 1935 mtu anaweza kuzichapa upya leo hii. Majaribio ya mwaka 1999 yamebaki maelezo katika majarida.

Muda ndio uliobishaniwa zaidi. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hivyo neno haliwezi kuonyeshwa kwa usahihi unaozidi takribani milisekunde 17. Kibodi nayo huchelewa kidogo, kila moja kwa kiasi chake. Hata hivyo majaribio mengi hulinganisha mtu na nafsi yake: muda wake kwa maneno ya aina hii dhidi ya muda wake kwa maneno ya aina ile, kwenye mashine ileile. Ucheleweshaji wa mashine uko pande zote mbili, na ukitoa, kama Donders alivyotoa, unaondoka. Mwaka 2013 Matthew Crump, John McDonnell na Todd Gureckis walirudia mfululizo wa majaribio maarufu, la Stroop likiwamo, kwa kutumia washiriki wa Amazon Mechanical Turk, soko la vibarua vya mtandaoni lililofunguliwa mwaka 2005. Mengi yalitoa matokeo yaleyale ya maabara. Yaliyosumbua ni yale yanayohitaji neno limulike kwa muda mfupi mno, na kazi moja ndefu ya kujifunza makundi ambayo washiriki hawakuifanya vizuri kama wa maabara. Soko hilo nalo lina matatizo yake. Kwa miaka mingi wafanyakazi wake wengi walitoka Marekani na India, na mwaka 2018 watafiti walistushwa na wingi wa majibu ya ovyo yaliyomiminika humo.

Tungependa kukaa kidogo kwenye utafiti mmoja ambao usingewezekana bila mtandao, kwa kuwa unamhusu kila anayepanga ratiba ya somo la lugha. Kundi la Hal Pashler la Chuo Kikuu cha California, San Diego, lilikuwa linachunguza marudio: ukishafundisha leo, urudie lini? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009 walitumia Kiswahili kama wenzao, wakaacha nafasi kati ya kipindi cha kwanza na cha pili kuanzia dakika 5 hadi siku 14, kisha wakapima baada ya siku 10. Waliorudia baada ya siku moja walifanya vizuri kuliko wote. Lakini mwalimu hataki kujua kuhusu siku 10. Anataka kujua kuhusu mtihani wa mwisho wa mwaka. Nani atakubali kurudi maabara baada ya mwaka mzima? Ndipo Nicholas Cepeda na wenzake walipohamia mtandaoni. Watu zaidi ya 1,350 walijifunza mambo ya kubahatisha yasiyojulikana sana, wakarudia baada ya nafasi iliyofikia miezi mitatu na nusu, wakapimwa baada ya muda uliofikia mwaka. Kwa mtihani ulio wiki moja mbele, nafasi bora ya kurudia ilikuwa kama asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku moja na kitu hadi karibu tatu. Kwa mtihani ulio mwaka mmoja mbele ilikuwa asilimia 5 hadi 10, yaani kati ya wiki kama mbili na nusu na tano. Silabasi zetu nyingi hufundisha msamiati wa mada moja kwa wiki moja na kuuaga moja kwa moja.

Mfano mwingine ni wa Joshua Hartshorne, Joshua Tenenbaum na Steven Pinker. Waliweka mtandaoni chemshabongo ya sarufi ya Kiingereza iliyokisia lahaja na lugha ya kwanza ya mshiriki. Watu waliipenda kwa sababu ya ule ukisiaji, wakaisambaza kwa marafiki, na makala yao ya mwaka 2018 ikatumia majibu ya watu 669,498. Walihitimisha kwamba uwezo wa kujifunza sarufi hudumu hadi karibu umri wa miaka 17.4 kabla ya kushuka. Mwaka 2022 Frans van der Slik na wenzake waliichambua upya data ileile, wakaona kwamba kwa makundi mengi mteremko ni wa polepole tangu mwanzo, tena hutofautiana kwa aina ya wanafunzi. Tunautaja mvutano huu kwa makusudi. Hapa Uganda wanafunzi wetu wengi huanza Kiswahili wakiwa na umri wa sekondari au zaidi, na tumewahi kusikia takwimu ya kwanza ikitumiwa kuwakatisha tamaa. Takwimu hiyo ilitokana na Kiingereza. Data ya namna hiyo kwa Kiswahili haijakusanywa.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye mashua. Thomas Nelson wa darasani kwetu hayupo, wala Dunlosky. Waliopo ni vijana wa Kampala, Gulu na Mbarara. Orodha ile ya maneno 100 imepimwa ugumu, lakini ugumu kwa nani? Katika utafiti wao wa mwaka 2010, Mary Pyc na Katherine Rawson wa Kent State University waliwataka washiriki wabuni neno la kati la kuwasaidia kukumbuka. Neno wingu, kwa mfano, linaweza kunaswa kwa neno la Kiingereza wing, yaani bawa, kwa kuwa ndege huruka mawinguni. Ni hila nzuri kwa anayeanza bila chochote. Mwanafunzi wetu haanzi bila chochote. Mzungumzaji wa Luganda tayari ana embwa, ennyama, omwaka na ekitabo. Kiswahili kwake kimejaa ndugu wa karibu. Kimejaa pia ndugu wa uongo: omukazi kwa Luganda ni mwanamke, ilhali mkazi kwa Kiswahili ni mtu anayeishi mahali fulani, awe wa kike au wa kiume. Mwenzake anayezungumza Acholi, lugha isiyo ya Kibantu, yuko karibu zaidi na mwanafunzi wa Kimarekani katika jambo hili, ingawa wote wawili wameketi benchi moja na kupewa mtihani mmoja. Orodha moja, darasa moja, ugumu wa aina mbili.

Isitoshe, katika majaribio hayo neno ni kitu kilichofungwa. Aliyejifunza wingu hakutakiwa kujua mawingu, wala kwamba mawingu hutanda. Kwa silabi za Ebbinghaus hilo halikuwa kosa. Kwa Kiswahili linaacha nje sehemu inayowasumbua wanafunzi wetu zaidi, yaani upatanisho wa ngeli.

Hata Stroop hatafsiriki kwa mkupuo. Rangi zake tano zilikuwa nyekundu, buluu, kijani, kahawia na zambarau. Kwa Kiingereza nne kati ya hizo zina silabi moja na moja ina mbili. Kwa Kiswahili hakuna yenye silabi chini ya tatu, hivyo muda wa kutaja kwa sauti unarefuka kabla athari yenyewe haijaanza kupimwa. Kati ya hizo ni moja tu, -ekundu, iliyo kivumishi chenye kuchukua viambishi vya ngeli. Kijani kimetokana na jani, kahawia na kahawa, na zambarau ni tunda. Je, msomaji anayeliona neno zambarau anaona rangi au tunda? Nyekundu yenyewe imeshapatanishwa na rangi; tungeandika kwekundu au chekundu, je, ingezuia ulimi vilevile? Maswali haya ni mazuri kwa tasnifu, na hayawezi kuulizwa kwa Kiingereza. Mtandaoni tena washiriki kwa kawaida hubonyeza kitufe badala ya kutamka, na inajulikana kwamba athari ya Stroop huwa ndogo zaidi kwa kubonyeza, jambo linalobidi lizingatiwe tangu mwanzo.

Jaribio la kuamua kama mfuatano wa herufi ni neno au si neno lina mitego yake. Kwa Kiingereza hubadilishwa herufi moja, basi. Kwa Kiswahili, ukitunga umbo kama brasti, msomaji atalikataa kwa sababu ya umbo la silabi zake bila hata kuitafuta akilini. Inabidi utunge kitu kama tobesa kinachofuata sauti za lugha. Na neno ni lipi? Wasingalikuja ni neno moja kwa mwandiko wetu, na ni sentensi nzima kwa tafsiri. Makadirio ya wingi wa matumizi ya maneno, ambayo jaribio lolote la namna hii huyahitaji, yanaweza kuanzia katika kongoo ya Kiswahili ya Helsinki iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen, mradi tukumbuke kwamba kongoo ya maandishi ya magazeti na vitabu si kioo cha Kiswahili cha sokoni Kampala.

Mtandao wenyewe ulitufikia kwa kuchelewa. Mpaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotia nanga katika pwani ya Afrika Mashariki, tulitegemea setilaiti, na ukurasa wenye picha tano ulikuwa wa kusubiriwa. Kisha likaja suala la gharama: kati ya Julai 2018 na katikati ya 2021 mtumiaji wa mitandao ya kijamii nchini alitozwa shilingi 200 kwa siku, na badala yake ikaja tozo ya asilimia 12 juu ya data. Mtafiti anayemwomba mwanafunzi dakika 30 za bure anamwomba pia pesa. Shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nasi tulijaribu kwa mara ya kwanza kuwapa wanafunzi jaribio la msamiati wakiwa makwao. Tulishindwa. Tulikuwa tumerekodi sauti za maneno katika mafaili mazito; wengi walikwama katikati, na majibu ya waliomaliza yalipotea kwa sababu tuliyaelekeza mahali pasipo sahihi. Kosa lilikuwa letu.

Tulichojifunza ni cha kawaida lakini chafaa wenzetu. Zana za siku hizi, kama jsPsych iliyoanzishwa na Joshua de Leeuw, au PsychoPy ya Jonathan Peirce wa Nottingham, ni za bure, na jaribio la jsPsych ni mafaili madogo yanayoweza kuendeshwa ndani ya kivinjari hata pasipo mtandao, kutoka kwenye kompyuta moja ya idara. Tengeneza kwa ajili ya simu, kwani ndiyo waliyo nayo. Na usichanganye muda wa kidole kwenye kioo na muda wa kitufe cha kibodi katika hesabu moja. Usikusanye jina wala namba ya simu usiyoihitaji: Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na utafiti juu ya binadamu unahitaji kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ridhaa iandikwe kwa lugha ambayo mshiriki anaielewa, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Kiswahili hiyo yaweza isiwe Kiswahili.

Muhula huu wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaandaa orodha mpya, yenye safu tatu: maneno ya Kiswahili yaliyo na ndugu katika Luganda, yaliyo na ndugu wa uongo, na yasiyo na uhusiano. Wenzao wa kutoka kaskazini ndio wanaoikagua, kwa kuwa wao hawapotoshwi na mfanano. Kazi imekwama kwenye jaribio la Stroop wanalotaka kulifungulia orodha hiyo: nusu ya darasa wanataka buluu, nusu wanataka samawati, na mmoja aliyesomea ng'ambo ya mpaka anashikilia kwamba kwao hakuna anayesema lolote kati ya hayo. Tumewaambia waulize watu kwanza.